Koo la mwanangu: nimpe amoksisilini?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu ana miaka 7. Tangu juzi koo linamuuma, anakohoa na makamasi yanamchuruzika. Duka la dawa wameniuzia amoksisilini, sijampa bado. Nimpe? – Mama wa watoto wawili, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Heri ulivyosubiri. Mtoto wa koo akiingia chumbani kwangu, kabla sijashika tochi nasikiliza: anakohoa? Sauti imekwaruza? Pua inatiririka? Hizo kwa kawaida ni kazi za virusi, na amoksisilini haiui virusi. Mwanao yuko upande huo, kwa hiyo usimpe.

Bakteria ninayemwinda ni streptokokasi wa kundi A, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Huyu huja ghafla: homa kupita nyuzi 38, mafindofindo yamevimba na yana usaha, tezi za mbele ya shingo zinauma zikiguswa, na kikohozi hakuna. (Usaha peke yake usikutishe, virusi navyo huuleta.) Hata dalili zote nne zikiwapo naweza kukosea, ndiyo maana penye kipimo cha pamba ya kooni, napima.

Akithibitika, penisilini ya kunywa ni siku 10 kamili, hata akiruka kamba siku ya 3. Koo hilo likiachwa laweza kuleta homa ya baridi yabisi, na vali za moyo zikaharibika.

Wako mpe parasetamoli kulingana na uzito wake, na vinywaji vya kutosha. Akishindwa kumeza mate, kufungua kinywa au kupumua vizuri, hospitali usiku huohuo.