Boksi la kusafirishia asali kwa basi
Dada, kwa chupa 12 za kioo za asali kutoka Tabora hadi Dar, boksi la wimbi moja (lenye safu moja tu ya karatasi iliyokunjwa kama mawimbi ndani ya kadibodi) halifai. Tafuta la mawimbi mawili: ukitazama ukingo uliokatwa utaona safu mbili za mawimbi, unene kama milimita 7. Lile la milimita 3 au 4 libebe nguo. Mawimbi yasimame wima, ndipo boksi linapohimili mzigo wa juu yake, hasa kwenye pembe. Kati ya chupa weka vipande vya kadibodi, pasibaki nafasi. Na tafadhali, lisiwekwe penye unyevu! Kadibodi ikilowa hulegea, hata iwe nene. Mimi chupa 4 zilipasuka hivyo, kitako cha boksi kimelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai.