Maswali ya Wasomaji: Funzo Lisilolazimishwa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa mwani huku Paje, Unguja. Kila jioni hujaribu kuandika daftarini jambo nililojifunza, lakini siku zangu zinafanana, na ninachoandika huishia kuwa mawaidha ambayo mtu yeyote angeweza kuyasema. Nifanyeje?

JIBU: Dada yetu, nadhani unatanguliza funzo kabla ya tukio. Andika kwanza ulichokiona na kukitenda, kwa undani, na uliepuke neno "nimejifunza" hadi umalize. Kazi yako inaongozwa na bahari: wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, mnashuka kufunga mbegu na kuvuna, na maji mafu yakiingia, yaani siku ambazo bahari haikupwi vya kutosha, kazi ya shambani husimama, mtake msitake. Siku hizo zinafananaje? Eleza ulivyoitumia siku ambayo bahari haikukuruhusu kushuka, nani alikutembelea, na ulimjibu nini mtoto aliyeuliza kwa nini mwani umeharibika ilhali mmeuhudumia vizuri (swali gumu hilo, kwa kuwa maji yakipata joto kupita kiasi mwani hudhoofika bila kosa la mkulima). Katika jibu ulilompa mtoto huyo, hata kama lilikuwa la haraka na lenye kusitasita, mna fikra zako mwenyewe kuhusu juhudi na bahati, na hizo ndizo zinazostahili kuchunguzwa daftarini. Siku isiyokupa funzo lolote, andika tukio lake na tarehe, basi.