Sekondari za kata Tabora mjini: kabla hujaomba uhamisho, angalia haya

Dada uliyeuliza, nimekuelewa hivi: mwanao kapangiwa sekondari ya kata karibu na kwako Ipuli, na wewe unataka kumhamishia kata nyingine kwa sababu umesikia kule "wanafaulisha". Nimesomesha wawili kwenye shule mbili tofauti za kata hapa Manispaa, mmoja kamaliza, mwingine yupo kidato cha tatu. Nakujibu kama mzazi.

Kwanza Tabora Boys na Tabora Girls ziweke pembeni. Najua hapa mjini kila shule inapimwa kwa hizo. Ile ya wavulana ipo tangu 1922, Mwalimu Nyerere kasoma pale, na zote mbili ni za vipaji maalumu: zinapokea watoto waliochujwa kwa alama za darasa la saba. Shule ya kata inapokea wa kwake wote waliofaulu, wa alama za juu na wa kupenya. Ukilinganisha divisheni wani za huku na za kule unawaonea walimu wa kata.

Sasa ingia kwenye matokeo ya kidato cha nne, tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Wengi wanahesabu divisheni wani halafu wanafunga simu. Wewe shuka mpaka chini ya majina, kuna jedwali la masomo. Tafuta Hisabati, namba 041, uone waliofanya wangapi na waliopita wangapi. Shule inaweza kuwa na wani za kujivunia huku darasa zima limeanguka Hisabati. Hao wachache wenye wani mara nyingi ni watoto wa tuisheni. Halafu GPA ya pale, yaani wastani wa alama, inasomwa kinyume na ya chuo: A ni 1, F ni 5, kwa hiyo yenye namba ndogo ndiyo iliyofanya vizuri. Nimeshuhudia wazazi wakibishana kikaoni kwa hilo tu.

Lakini kitu ambacho mimi nakitazama kuliko vyote ni idadi. Chukua upimaji wa kidato cha pili wa shule hiyohiyo, miaka miwili nyuma, hesabu watahiniwa, kisha linganisha na waliokaa kidato cha nne. Waliopungua wameenda wapi? Wapo waliohama, wapo waliokariri kidato cha pili. Wapo mabinti waliopata mimba, na wavulana waliokimbilia mashamba ya tumbaku au bodaboda. Shule ikipoteza watoto wengi njiani, matokeo yake yatapendeza, kwa kuwa waliobaki ni wale ambao wangefaulu popote. Naiheshimu zaidi shule inayowafikisha watoto wake wote kwenye chumba cha mtihani, hata kama divisheni ni tatu na nne. Muulize mkuu wa shule kama kuna binti aliyejifungua akarudi darasani. Serikali iliruhusu tangu mwishoni mwa 2021, ila kuruhusiwa na kupokelewa ni mambo mawili.

Baada ya hapo nenda mwenyewe, siku ya kazi, asubuhi. Omba daftari la Fizikia la mtoto yeyote wa kidato cha pili. Kwenye shule ya mwanangu wa kwanza, la Historia lilikuwa linakaribia kujaa, la Fizikia lina kurasa chache za mwanzo na hakuna tiki hata moja ya kalamu nyekundu. Kalenda ilikuwa Agosti. Maabara ilikuwepo, imepakwa rangi vizuri, kufuli limeshika kutu. Walimu waliokuwepo walijituma kweli. Wa sayansi hakuwepo kabisa. Kwa hiyo usiulize "walimu mnao?", uliza wa Fizikia ni nani na anafundisha mikondo mingapi.

Chakula pia. Ada ilifutwa 2016, lakini makande ya mchana ni makubaliano ya wazazi, na shule ambazo wazazi wamekubaliana utaona tofauti vipindi vya saa nane. Mtoto mwenye njaa anasinzia, hakuna mwalimu wa kumsaidia hapo.

Umbali usiudharau. Kutoka Ipuli kuvuka mji kila siku kwa miguu, masika maji yamejaa, binti akirudi jioni giza linaingia: hapo ndipo maneno ya kumpa lifti yanapoanzia. Mimi nisingemhamisha binti kwenda mbali kwa ajili ya GPA iliyopishana kidogo. Wa kiume mwenye baiskeli, labda.

Ukiamua kuhama, anza na mkuu wa shule unakotaka kumpeleka akuthibitishie nafasi, ndipo ufuate barua za uhamisho. Ukianza kumwondoa mtoto alipo anaweza kukaa nyumbani muhula mzima. Taja hapa hizo shule mbili unazozifikiria, jioni nitakufungulia jedwali la Hisabati la kila moja tulisome pamoja.