"Uvimbe mwema" na mifupa isiyowaka

SWALI: Asalam aleikum, Mwalimu. Mamangu aliteleza ngazini hapa Kisauni, akapigwa eksirei ya nyonga. Mfupa haukuvunjika, ila ulionekana na madoa meupe mengi, ndipo akatumwa kufanya skani. Karatasi ya majibu ilikuja kwa Kizungu, nikamsomea kwa Kiswahili changu: "Mama ana hali nadra ya mifupa, ni njema, imepigwa mionzi ya nyuklia na majibu ni hasi." Alilia mpaka jirani wakaja. Jina lililoandikwa ni osteopoikilosisi. Nilikosea wapi?

JIBU: Waaleikum salam, mwanangu. Maneno yako yote yamo kamusini, na karibu kila moja lilimdunga mama pabaya.

Tuanze na "ana hali". Kwetu Mombasa mtu akisemwa hana hali, watu huacha chai mezani wakamkimbilia. Sasa mama anasikia ana hali, tena nadra! Hicho ni Kizungu kilichovikwa kanzu. Kiswahili hutaja kilichopo: mifupa yake ina vidoa. Wagiriki nao ndivyo walivyosema, kwani osteon ni mfupa na poikilos ni chenye madoadoa. Kwenye eksirei huonekana kama punje za mtama zilizomwagika karibu na viungo, nyingi hazifiki sentimita 1. Ni jambo la kurithi, kwa kawaida haliumi, na mtu huishi nalo miaka hadi apigwe picha kwa sababu nyingine, kama mama na ngazi yake. Ndiyo maana hata "ugonjwa" nisingeandika. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyetupa "runinga", pengine angelifinyanga neno zima hapa. Mimi sina ubavu huo, ingawa nimewahi kuwaza "mfupa kanga", kwa yule ndege wa madoadoa, si leso.

"Njema" nayo haifai. Neno wanalotumia madaktari, "benign", limetoka Kilatini, na asili yake ni upole. Lakini wema wetu ni wa mtu, au wa habari ya kushukuriwa. Nani amewahi kupongezwa kwa uvimbe mwema? Wengine hukimbilia "usio na madhara", nako si salama, kwa sababu uvimbe usio saratani waweza kubana mshipa wa fahamu ukamkosesha mtu usingizi. Kanusha kile hasa kinachoogopwa: si saratani. Ukitaka kirejeshi, sema "vidoa visivyo saratani" au "visivyo vya saratani". Usichomeke "na". Chai isiyo na sukari ni chai iliyokosa kitu ndani yake. "Uvimbe usio na saratani" utaeleweka hivyohivyo, ilhali unachotaka kusema ni kwamba uvimbe wenyewe ndio si saratani.

"Hasi" niipite upesi. Kwa mwalimu wa hesabu ni istilahi safi. Kwa mama ni ubaya, na kwa aliyefuga mbuzi ni kisu.

Lililomliza zaidi, nadhani, ni "mionzi ya nyuklia". Tangu uzuke mjadala wa kinu cha nyuklia kule Uyombo, Kilifi, neno hilo halitamkwi Pwani bila sauti kupanda. Na "kupigwa mionzi" watu wanaijua kuwa ni tiba ya saratani, kwa hiyo ukishaitamka, jirani wameshahitimisha.

Tena kitenzi chenyewe kinapotosha. Kwenye eksirei, sawa, mashine hutoa mionzi ikapita mwilini. Skani hii ni kinyume chake. Mgonjwa hudungwa mshipani dawa yenye teknetiamu kidogo, metali inayotoa mionzi, nayo huenda na damu ikajishika mifupani, hasa pale mfupa unapojijenga kwa kasi. Hupewa maji anywe, hungoja kwa muda wa kama saa 3, kisha hulazwa chini ya kamera. Kamera haimpigi kitu. Inapokea tu miali inayotoka mwilini mwake. Mgonjwa ndiye taa! Na taa yenyewe haikawii kufifia, maana nguvu ya teknetiamu hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6. Basi iite "skani ya mifupa", na anayeuliza mwambie ni picha ya mifupa kwa dawa yenye mionzi. "Skani" tumeshaipokea, haina haja ya kuombewa radhi.

Hapo pia ndipo utapata badala ya "hasi". Saratani iliyosambaa mifupani nayo yaweza kuonekana kwenye eksirei kama madoa meupe, ndiyo sababu mama alitumwa mbele. Lakini saratani hiyo kwa kawaida huwaka kwenye skani, yaani hukusanya dawa ile kwa wingi, na vidoa vya osteopoikilosisi kwa kawaida haviwaki. Kitenzi "kuwaka" kinatosha, na kila mtu anakijua kutoka jikoni.

Jina refu liache kama lilivyo, ili daktari mwingine akiliona asianze upya. Halafu kaa naye barazani umsomee hivi: "Mama, mifupa yako ina vidoa vya kurithi. Walikutia dawa ya kuviangazia, havikuwaka. Si saratani."