Safari ya ngoma si ramli

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia WhatsApp usiku wa manane. Alikuwa amesikiliza YouTube ngoma ya kishamani, yaani ya wale waganga wanaosafiri kiroho kwa mapigo ya ngoma, akajilaza na hedifoni masikioni, na katika safari yake hiyo akamwona wifi yake kasimama mlangoni, kashika ufunguo. Akaniuliza: "Dada, ndiye aliyenifunga kizazi?"

Nilimjibu palepale, na nalirudia jibu hapa kwa sababu najua wengi mnaoifuata njia hii mna swali kama lake moyoni. Hapana. Hata ungemwona kashika hirizi, jibu langu lingekuwa hapana. Nenda hospitali kwanza, wewe na mumeo, wote wawili. Na wifi yako mpigie simu umjulie hali, basi.

Ukali huu una chanzo chake. Baba yangu alipofariki, kijijini kwetu mkoani Shinyanga, wazee wa ukoo walikwenda kwa mganga. Kuku akapasuliwa, mganga akachungulia chini ya mbawa, akachungulia utumbo, akasema aliyemuua yumo humohumo kwenye ukoo. Jina hakutaja. Huwa hawataji. Alisema ni mwanamke, mtu mzima, anayekaa upande wa machweo.

Shangazi yangu alikuwa na macho mekundu kama bibi yeyote aliyepikia kuni na mavi makavu ya ng'ombe maisha yake yote, kwenye jiko lisilo na dirisha. Ikatosha. Alihama usiku, kuku zake kwenye tenga, godoro kichwani kwa mwanawe. Watu wakasema tushukuru ameondoka mzima. Na kweli nashukuru, maana Usukumani vikongwe wengi wamekatwa mapanga kwa maneno ya namna hiyo. Januari 2015, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Niliisikia habari hiyo nikalia. Shangazi alikuwa ugenini miaka mingi tayari, na hakuna aliyewahi kwenda kumwambia pole.

Nilikuja Uholanzi na donge hilo kifuani. Usingizi ulikata, kazini nikawa naingia chooni kulia. Mshauri wa saikolojia alinisaidia sana, na simwambii mtu aache dawa wala ushauri wake. Kisha mwenzangu wa kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akanialika kwenye kundi lao la safari za ngoma.

Njia wanayotumia imetoka kwa Michael Harner, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeishi na Washuar wa Ecuador na Wakonibo wa Peru, kisha akachukua yale aliyoona yanafanana kwa shamani wa mataifa mengi na kuanza kuwafundisha watu wa mijini. Mwaka 1993 taasisi yake ilikwenda Tuva, kusini mwa Siberia, kwa shamani waliokuwa wameanza tena kufanya kazi yao hadharani. Enzi za Wasovieti shamani wa huko walifungwa na ngoma zao zikachukuliwa. Hilo liliniuma kwa namna yangu. Wenzetu walinyang'anywa ngoma zao kwa nguvu. Sisi za kwetu tumewaachia wapiga ramli kwa hiari yetu.

Unalala chali, kanga usoni. Mtu anapiga ngoma ya duara yenye ngozi upande mmoja, mapigo manne hadi saba kwa sekunde, bila kubadilika, kama robo saa hivi. Unakwenda na swali moja. Unaingilia tundu la ardhini unalolifahamu. Mimi naingilia pango lililo kati ya mawe makubwa nyuma ya kwetu, tulipokuwa tukijificha mvua. Ukiitwa, unasikia mapigo saba makali, mara nne, halafu ngoma inakwenda mbio nawe unarudi njia ileile uliyoendea.

Mnyama aliyenipokea alikuwa fisi. Mzungu aliyeniongoza alitabasamu, akasema ni mnyama mwenye nguvu. Hakujua kwamba kwetu fisi ni kipando cha wachawi, na kwamba watoto wa mji wetu walikuwa wakimwigia shangazi sauti ya fisi akipita. Nilitetemeka. Nikamfuata. Alinipeleka jikoni kwa shangazi, moshi umejaa, naye ameinama anapuliza moto, anafuta macho kwa pindo la kanga. Hakuna kingine nilichoonyeshwa. Sikuhitaji kingine.

Siku ya mapumziko nikapiga simu. "Shikamoo shangazi." Akanyamaza muda mrefu, kisha: "Marahaba. Ni mtoto wa nani?" Nikasema jina la baba. Tukalia wote wawili, salio likaisha.

Yaliyofuata yalichukua muda na maneno makali, sitayaeleza yote. Likizo yangu nilikwenda, nikanunua ng'ombe, nikawaita wazee na kuwaambia mbele ya watu kwamba damu ya baba haimo mikononi mwa dada yake. Baba mdogo alisimama akaomba radhi. Baba mkubwa hakuja, na hadi leo hapokei simu zangu. Shangazi alikula kwetu siku ile, akapewa kiti. Hili nimelifanya mimi, binti, na naona fahari kulisema.

Kwa hiyo mnaponiuliza namna ya kusafiri, nawaambia jambo moja kwa maneno mengi. Usiulize "nani amenifanyia." Uliza "nifanye nini." Ukirudi na sura ya mtu, kamjulie hali. Ukirudi na jina la adui, liache hukohuko, usimwambie hata mumeo, kwa maana maneno hayo yakishatoka hayazoleki. Usisafiri peke yako na hedifoni; awepo mtu wa kukuita urudi na wa kukusikiliza. Mwenye kifafa, au anayesikia sauti wakati hakuna ngoma, aongee na daktari wake kwanza. Na wanaoniandikia kwamba hii ni shirki au ni ushetani, nimewasikia. Mimi nasali kama wao. Ila wakati shangazi anahama usiku, waumini wote wa kijiji kile walikuwa ndani, wamefunga milango.

Sasa tunakutana akina mama kadhaa wa Afrika Mashariki huku Uholanzi. Baada ya ngoma, kila mmoja anasema atakachofanya wiki ile, na kwa nani. Tukikutana tena tunamuuliza kama amefanya. Anayetaka kuja aje na kanga ya kulalia na chakula cha kuchangia. Pesa hatupokei.