Dhahabu na seli za saratani

Dada, umeuliza kama kipini cha dhahabu kikisagwa kitaonyesha saratani kama dhahabu ya maabara. Hapana, kipini cha kwa sonara hapo Lamu, hata kisagwe vipi, hakiwezi kuonyesha kama kidonda cha mdomoni cha mama ni saratani. Dhahabu ya maabara ni chembe za nanomita 35 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na zikiwa majini rangi yake ni nyekundu, si manjano. Mwaka 2005 huko Marekani, watafiti Mostafa El-Sayed na mwanawe Ivan walizibandika kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, zinazonasa EGFR, protini inayojaa juu ya seli nyingi za saratani. Chembe zikaganda hapo, na chini ya hadubini ya kawaida seli zikang'aa. Lakini zilikuwa seli zilizooteshwa maabara. Mama aache tambuu yenye tumbaku, na mpelekeni hospitali ya King Fahd wiki hii. Ulizeni kuhusu kukatwa kinyama kikapimwe. Tafadhali msingoje.