Kwenu mnaoanza kazi ya faharasa: kadi za Baring

Vijana wetu, kadi za Baring zimerudi tena mezani na kosa ni lile lile: watu wawili wametiwa kwenye kadi moja. Tuelewane mapema, maana ukoo huu wa Uingereza mtakutana nao benki, Misri, India na hata Nairobi.

1. Anza na mwaka, jina baadaye. Hapa ndipo karibu kila mmoja wetu alipojikwaa. Evelyn Baring ni wawili, baba na mwana. Baba alizaliwa 1841, akawa mwakilishi mkuu wa Uingereza Misri kuanzia 1883 hadi 1907, na nchi ile ilikuwa mkononi mwake hasa. Mwana alizaliwa 1903, akawa gavana wa Kenya 1952 hadi 1959, na ndiye aliyetangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Sasa angalieni mtego: nyaraka zinawaita wote "Sir Evelyn Baring", baba mpaka alipopewa cheo cha Lord Cromer 1892, mwana mpaka alipokuwa Lord Howick 1960. Simu ya maandishi ya Cairo ya 1884 kuhusu Gordon, jenerali wa Uingereza aliyezingirwa Khartoum, na barua ya Nairobi ya 1953 kuhusu Mau Mau, zina jina moja na "Sir" moja. Mwenye haraka anazitia kwenye kadi moja. Kadi inaingia kwenye faharasa, mwanafunzi anainukuu kwenye tasnifu, na hapo mtu aliyefariki 1917 anaitawala Kenya akiwa na miaka 111. Kosa likishafika huko, kusahihisha kadi hakutoshi. Majalada yote yanafunguliwa upya, moja moja. Kwa hiyo kichwa cha kadi kiwe na miaka: Baring, Evelyn (1841–1917), Baring, Evelyn (1903–1973). Jalada lisilo na tarehe lisubiri, msilibahatishie.

2. Wekeni kadi za "tazama", zinazomwelekeza msomaji kwenye kadi ya Baring, kwa kila cheo: Ashburton, Northbrook (huyu aliitawala India 1872–1876), Revelstoke, Cromer, Howick. Tena Howick ni jina la makazi ya akina Grey, Northumberland, ukweni kwa yule gavana wa Kenya.

3. Barings yenye "s" ni benki. Ilianzishwa London 1762 na ndugu wawili, John na Francis, ambao baba yao alitoka Bremen akafanya biashara ya sufu Exeter. Mwaka 1803, pamoja na benki ya Hope ya Amsterdam, ilifanikisha malipo ya Marekani ya kuinunua Louisiana kutoka Ufaransa. Madeni ya Argentina nusura yaizamishe 1890, Benki Kuu ya Uingereza ikaiokoa. Mwaka 1995 haikuokoka: hasara ya pauni milioni 827, iliyofichwa Singapore kwenye akaunti 88888. ING ya Uholanzi iliinunua kwa pauni 1.

4. Msiwaache wanawake. Margaret Baring, binti wa Lord Revelstoke wa kwanza, aliolewa na Spencer. Ndiye mama wa babu yake Diana, yule aliyekuwa mke wa Mfalme Charles. Anastahili kadi mbili, ya Baring na ya Spencer. Leo sandukuni ipo ya Spencer tu.